Koo la Jörgen Stavås

Mdogo wangu Jörgen aliwahi kuwa na koo lililojulikana mpaka Brazili. Siku hizi anafyeka nyasi za manispaa wakati wa kiangazi na kusukuma theluji wakati wa baridi, na ukimkuta anazungumza na mtu, ujue mazungumzo yenyewe ni ya mashine ya theluji. Nasimulia mimi dada yake, Marita, kwa sababu yeye hatasimulia. Nikipandisha hasira katikati mnivumilie. Katika ukoo wa Stavås mwenye domo ni mimi peke yangu, na nimelirithi kwa bibi mzaa mama, ambaye watu wa Hällebruk, mji wetu mdogo huku Uswidi, walimwona ana walakini kwa sababu alikuwa akisalimia watu asiowajua.

Baba yetu, Verner, alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kubana chuma kiwe mabamba, mpaka masikio yakafa nusu. Ulimi ulikuwa umekufa zamani. Akiwa na furaha, alikwenda banda la kuni. Akiwa na huzuni, banda la kuni. Mwaka ule mama alipougua tumbo alipasua kuni nyingi kiasi kwamba tulikuwa bado tunazichoma wakati mama ameshapona na amesahau kama aliumwa. Mezani tulikuwa tunasikia uma na kisu, na saa ya ukutani, na mama akisema, "Viazi vimeiva leo," na baba akijibu kwa kupumua. Majirani walimsifu: Verner ni mtu mzuri, hana maneno. Waswahili wana msemo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyumbani kwetu tuliungoja huo mshindo mpaka tukaota mvi.

Basi fikiria siku nilipousikia ukitoka kwa Jörgen.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamepewa chumba cha chini kwenye jumba la wafanyakazi. Chama cha elimu ya watu wazima ndicho kilicholipia, kwa maana kwetu ukitaka kupiga kelele bure, unajiandikisha kwamba unasoma. Mmoja alikuwa Pontus, mtoto wa daktari wa meno, mrefu, nywele safi, mpiga gitaa. Wa pili alikuwa Peder, jirani yetu, mpiga ngoma, ambaye baadaye alikuja kuwa fundi umeme. Jörgen alishika gitaa la besi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Mama alinituma nimpelekee skafu yake. Nilipofika kwenye ngazi nikasikia sauti imepanda kutoka chini, nzito, ya kukwaruza, kama jiwe la kusagia linalozungushwa bila nafaka. Nikashuka mbio nikidhani mtu ameangukiwa na spika.

"Jörgen! Unaumwa?"

"Hapana, dada. Naimba."

"Hiyo unaiita kuimba? Ng'ombe wa mzee Elof akizaa anaimba vizuri kuliko wewe."

Peder akacheka mpaka akaangusha kijiti. Jörgen mwenyewe alikuwa mwekundu, jasho linamtoka, macho yanang'aa. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilimtania njia nzima kurudi nyumbani, lakini moyoni nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilijiambia, hatimaye kuna mtu katika nyumba ile amefungua mdomo.

Walijiita Barfrost, jina la ile baridi inayouma ardhi kabla theluji haijaifunika, ile inayoua vitunguu bustanini. Muziki wao ulikuwa wa ile roki nzito iitwayo metali, ya aina inayokwenda polepole, inayoburuta miguu. Watu wa mijini walikuwa wanapiga upesi, hawa wakapiga kama watu wanaobeba jeneza kupanda mlima. Juu yake lile koo la Jörgen. Maneno yalikuwa ya Kiswidi, na hata sisi tuliozaliwa nacho hatukuambulia kitu mpaka tusome kwenye jalada. Rekodi yao ya kwanza waliirekodi Januari, kwenye studio ya jamaa mmoja aliyezoea kurekodi bendi za dansi. Jamaa alipomsikia Jörgen alizima mashine akauliza kama yuko salama.

Kwenye rekodi hiyo kulikuwa na wimbo mmoja mrefu, "Banda la Kuni". Jörgen aliutunga peke yake. Ulikuwa unamhusu baba. Hakuna mahali alipomtaja, lakini nani mwingine angekuwa? Kuna mstari uliorudiwa mwishoni: *sema kitu, kabla kuni hazijaisha*. Aliurudia mara nyingi, kila mara kwa sauti nzito zaidi, mpaka mwisho hayakuwa maneno tena, ilikuwa pumzi tu inayochanika. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina kazi yangu ya kupika jikoni shuleni, na nilipousikia mara ya kwanza nilikaa kwenye sakafu ya jikoni kwangu nikalia kama mtoto.

Nikaona lazima baba ausikie. Nilipeleka rekodi nyumbani Jumapili, nikaweka, nikafungulia sauti kwa sababu ya masikio yake. Baba alikaa mezani na kikombe chake. Jörgen alisimama mlangoni na koti, kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Mama akakusanya makombo yasiyokuwepo. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukafika pale mwisho, sema kitu, sema kitu. Ukaisha. Baba akamaliza kahawa yake, akainuka.

"Ni mrefu," akasema.

Akavaa buti akaenda zake banda la kuni. Tukasikia shoka.

"Amesema kitu," Jörgen akaniambia, akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Ningekuwa na ujasiri ningemfuata mzee nje nikamnyang'anya shoka.

Baba alikufa miaka mitatu baadaye, kwa moyo, palepale bandani. Kwenye chakula cha msiba, juu ya keki ya mkate iliyopambwa kwa kamba wa baharini na matango, kila aliyesimama alisema alikuwa mtu mtulivu. Jörgen hakusimama.

Sasa nieleze jinsi koo linavyotolewa kwa mtu bila damu kumwagika.

Lilianza na mafua. Walikuwa wanarekodi mara ya pili, na Jörgen akapoteza sauti kwa wiki nzima. Siku za studio zilikuwa zimehesabiwa, ikabaki wimbo mmoja mfupi. Pontus akasema, niimbe mimi, kawaida tu, tujaze nafasi. Akaimba kwa ile sauti yake nyembamba, safi, ya mtoto wa kwaya, na watu wakaupenda. Barua zikaja kutoka Ugiriki, Poland, mpaka Misri, zikiuliza nani huyo mwenye sauti inayoumiza. Waliokuwa wanaumia walikuwa wengi, lakini Jörgen hakuwa mmoja wao wakati ule. Alifurahi. "Dada, imefika Kairo!" aliniambia.

Rekodi ya tatu, Pontus akaimba nusu. Magitaa yakaacha kuburuta miguu, yakaanza kulia. Ya nne wakaleta kinanda, na sauti kama za mvua kwenye bati, na Jörgen akaunguruma kwenye nyimbo mbili tu, tena kwa mbali, nyuma ya kila kitu, kama mbwa wa jirani anayebweka dirisha likiwa limefungwa. Nilimuuliza.

"Mbona wamekufunika?"

"Hawajanifunika. Muziki unakua."

"Unakua kwenda wapi? Kwenye lifti za maduka?"

"Dada, wewe hujui muziki."

Ni kweli sijui muziki. Najua kupika viazi vya watoto mia tatu. Lakini namjua mtu anayesogezwa kidogo kidogo kwenye benchi mpaka anakalia hewa.

Rekodi ya tano hakuunguruma hata mara moja. Jinsi ilivyoamuliwa alinieleza Peder, maana Jörgen mwenyewe aliniambia tu, "Tulikubaliana." Walikaa kwenye chumba kile cha chini, thermosi ya kahawa katikati na maandazi ya mdalasini. Pontus akazungumza kwa upole. Pontus siku zote ni mpole, ndiyo silaha yake. Akasema anahisi, na anafikiri labda wenzake pia wanahisi, kwamba ile sauti ya zamani imeshasema ilichotaka kusema. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Wakanywa kahawa. Andazi la mwisho likabaki sahanini, kwa sababu kwetu hakuna anayechukua la mwisho. Wakainuka, wakachomeka gitaa, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyepiga kura, hakuna aliyeinua sauti, na mtu alikuwa ameondolewa kitu pekee alichokuwa nacho.

"Na wewe ulinyamaza?" nilimuuliza Peder.

"Nilidhani Jörgen atasema."

"Na Jörgen?"

"Alikuwa anatazama thermosi."

Baada ya hapo Jörgen akapiga besi tu. Lakini muziki ule mpya ulihitaji vidole vyepesi, na vya Jörgen ni vya baba, vinafaa kushika shoka. Akaja kijana kutoka Uppsala aliyesomea. Jörgen akaagwa kwa njia yetu: maua, keki ya kijani, hotuba fupi ya shukrani, kupeana mikono. Kwetu mtu akiagwa vizuri hana haki ya kulalamika tena. Akaanza kazi manispaa. Barfrost wakaenda Tokyo.

Kisha, na hapa ndipo ninapopata kiungulia kila nikifikiria, Pontus akaurekodi upya "Banda la Kuni". Aliomba ruhusa kwa adabu, na Jörgen akasema ni sawa. Ukapunguzwa ukawa wa dakika nne. Ukawekewa vinanda na fidla. *Sema kitu, kabla kuni hazijaisha*, anaimba Pontus taratibu, kama anamnong'oneza mpenzi kwenye blanketi. Redio ikauchukua. Watu wanaucheza kwenye harusi! Mimi mwenyewe nimehudumia harusi ya mwalimu mmoja pale ukumbini, nimeshika sinia la nyama, bibi na bwana harusi wanazunguka wameegemeana, na baba yangu yuko ndani ya wimbo ule na shoka lake. Mgeni mmoja akaniambia, "Wimbo mtamu, siyo?" Nikamwambia mchuzi unapoa.

Hayo yote Jörgen aliyameza. Alikuwa anakufa na tai shingoni, na tai yenyewe kaifunga vizuri. Hakuoa. Alikuwa na mwanamke wa Falun kwa miaka kadhaa, Ulrika, mtu mwema, akaondoka. Aliniambia mlangoni, na mifuko mkononi, kwamba amechoka kula chakula na saa ya ukutani. Sikumlaumu.

Halafu mwaka juzi Barfrost wakatimiza miaka thelathini na mitano, wakaamua kusherehekea nyumbani, kwenye ukumbi wa zamani wa kiwanda ambao manispaa imeugeuza kuwa wa maonyesho. Ukumbi uleule baba alipoachia masikio yake. Pontus akampigia simu Jörgen mwenyewe. Akamwambia wanataka aje aimbe "Banda la Kuni", ule wa zamani, mrefu, kwa koo lake. Hakuna cha kukosea hapo. Alimwambia waziwazi, aje aimbe.

Jörgen alikuja kwangu jioni ileile, akasimama mlangoni na viatu mikononi, akashindwa kuingia.

"Dada. Wameniita."

Alikuwa na miaka hamsini na mbili na alikuwa na uso wa yule mtoto wa kwenye chumba cha chini. Nilimkumbatia mpaka akaomba nimwachie.

Vuli nzima alifanya mazoezi. Nyumba yake ina ukuta mmoja na jirani, kwa hiyo alikuwa anakwenda na gari kwenye barabara ya msituni, anafunga vioo, ananguruma. Siku moja jirani yangu Sixten, mwindaji, akatokea kwenye miti na bunduki. Alikuwa amesikia dubu aliyejeruhiwa, na sheria yetu ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa haachwi.

"Jörgen, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Una nini?"

"Nafanya mazoezi."

Sixten akafikiri. "Basi endelea. Nitawaambia wenzangu wasipige."

Hadithi hiyo ilizunguka mji mzima, watu wakacheka, lakini walicheka vizuri. Mama, ambaye sasa yuko kwenye nyumba ya wazee na hakumbuki majina, aliambiwa kila siku na wauguzi kwamba mtoto wake ataimba. Jörgen alikunywa maji ya moto na asali. Aliacha tumbaku ya mdomoni, kitu ambacho Ulrika alimwomba miaka yote akiache, naye akashindwa. Na alianza kuzungumza! Alikuja kwangu Jumamosi akazungumza. Aliniambia kwamba alipokuwa na miaka tisa alimfuata baba bandani, akakaa kwenye gogo, akangoja aambiwe kitu, yakapita masaa, baba akampa kipande cha mti akishike, basi. "Nataka kuimba palepale kiwandani alipokuwa anasimama, dada," akasema. "Mara moja tu. Kwa sauti kubwa. Halafu nitalala." Hicho ndicho alichokitaka. Hakutaka kurudi bendini wala kupelekwa Tokyo. Mara moja tu.

Siku ya onyesho mimi ndiye niliyepika kwa ajili ya wanamuziki. Niliomba kazi hiyo makusudi, niwe karibu. Mchana, baada ya kupima vyombo vya muziki na sauti, walikaa kwenye chumba cha nyuma, Pontus, Peder, kijana wa Uppsala ambaye sasa ana kipara, na Jörgen. Nilikuwa namimina kahawa. Pontus akakuna shingo.

"Tumepata jambo dogo," akasema. "Wale watoto wa shule ya muziki, wa fidla. Wamejifunza ule mpya. Wana noti za ule mpya. Na wa taa, pia wamepanga kwa ule mpya. Nimekuwa nikihisi, sijui nyinyi mnahisi vipi, labda kwa upande wa watoto ingekuwa vyema tukaupiga mpya. Naimba mimi. Halafu Jörgen tunamwita juu, tunamshukuru vizuri, maua, watu wampigie makofi. Anastahili." Akatazama meza. "Kuna mwenye neno?"

Nilisikia kahawa ikidondoka kutoka kwenye mdomo wa birika. Peder alikuwa anatazama viatu vyake. Kijana wa Uppsala alikuwa anatazama ukuta. Nikamtazama mdogo wangu, nikamwomba kwa macho, sema, Jörgen, sema sasa, mtu mmoja katika ukoo huu aseme. Mkono wake ulikuwa shingoni, pale kwenye koo.

"Mimi nina neno," nikasema.

Wote wakageuka kama vile birika limezungumza.

"Mlimwambia aje aimbe. Amefanya mazoezi vuli nzima, karibu apigwe risasi. Watoto wa fidla wanaweza kukaa chini dakika kumi, hawatakufa. Mimi nawalisha kila siku, nawajua, wakikaa dakika kumi watachokonoa pua zao na watafurahi. Wimbo ni wake. Baba ni wetu. Mwacheni aimbe."

Pontus akawa mwekundu mpaka masikioni. Hakunijibu mimi. Kwetu mwanamke mwenye birika akipandisha sauti kwenye mkutano, anayejibiwa ni mtu mwingine. Akamgeukia Jörgen. Wote wakamgeukia Jörgen.

"Jörgen?" Pontus akasema. "Unaonaje wewe?"

Hapo alikuwa amepewa. Mlango ulikuwa wazi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeushikilia. Mdogo wangu akameza mate. Nililiona koo likipanda na kushuka.

"Ni sawa," akasema. "Dada, acha. Ni sawa kabisa."

"Jörgen!"

"Watoto wamefanya mazoezi," akasema.

Wakapumua wote pamoja. Pontus akamgusa bega. Mimi nikaenda jikoni nikavunja sahani mbili, za manispaa, na sikuzijutia.

Usiku ule nilisimama pembeni ya jukwaa. Ukumbi ulijaa, watu wa Hällebruk na watu wa mbali wenye fulana nyeusi, wengine na watoto wao begani. Watoto wa fidla walipiga vizuri, sikatai. Pontus akaimba, watu wakawasha simu zao, wakayumba. Kisha akamwita Jörgen. Jörgen akapanda na shati jeupe alilokuwa amelipiga pasi kwa ajili ya kuimba, akapewa shada la waridi na majani, akasimama palepale, mahali pa mashine, pa baba. Watu wakapiga makofi. Kutoka nyuma mzee mmoja akapaza sauti, naamini alikuwa Sixten, "Nguruma, Jörgen!" Wengine wakadakia, "Nguruma! Nguruma!" Ukumbi mzima, miguu inapiga sakafu. Pontus akatabasamu, akamsogezea kipaza sauti.

Jörgen akainama kidogo kwenye kipaza sauti. Akafungua mdomo.

"Asanteni sana," akasema, kwa sauti ambayo ungemwambia mtu aliyekushikia mlango wa duka.

Akashuka na maua yake.

Sikumsemesha kwa wiki mbili. Naye hakuona kwamba simsemeshi, ndivyo tulivyo. Tumbaku ilirudi mdomoni. Jumamosi hakuja.

Kisha nikakutana na Peder dukani, kwenye friji za samaki. Alitaka kunikwepa lakini nilimzibia njia na kigari changu.

"Marita, ulinikasirikia?"

"Bado nakukasirikia."

Akageuza pakiti ya heringi mkononi. "Unajua tulitaka aimbe. Mimi nilitaka. Yule wa Uppsala alitaka, alijifunza besi ya zamani yote kwa ajili hiyo. Hata Pontus. Baada ya onyesho Pontus alikaa chooni akalia. Alisema alileta lile jambo la watoto ili Jörgen apate njia ya kutoka kama anaogopa. Alimwona mikono inatetemeka wakati wa kupima vyombo. Alikuwa anangoja Jörgen akatae. Neno moja tu, angekubali palepale."

"Kwa nini hakumwambia hivyo?"

"Hakutaka kumlazimisha."

"Na wewe?"

"Na mimi sikutaka kumlazimisha. Wewe ulipoingilia nikashukuru, nikadhani sasa atakubali. Akasema ni sawa. Mtu akisema ni sawa utafanyaje?"

Niliacha kigari pale na vitu vyote ndani. Niliendesha moja kwa moja mpaka karakana ya manispaa. Jörgen alikuwa amelala chini ya jembe la theluji, anafunga bolti, miguu tu inaonekana. Nikaiambia miguu kila kitu. Kwamba walitaka. Wote walitaka. Kwamba Pontus alikuwa anangoja neno moja, na Peder alikuwa anangoja, na ukumbi mzima uligonga sakafu ukingoja, na hakuna hata mtu mmoja katika Hällebruk nzima aliyetaka anyamaze. Nilisema kwa kelele, mafundi wengine wakatoka nje kwa heshima.

Spana ikaacha kuzunguka. Miguu haikusogea, mpaka nikadhani analia, na Mungu anisamehe, niliomba awe analia.

"Kumbe," akasema.

"Ndiyo, kumbe!"

"Basi vizuri." Spana ikaanza tena. "Angalau hatukugombana."